Mbwa wa kulinda mifugo wa miezi 7 anakimbiza kuku na ameshaua, kuna aliyefundisha akafanikiwa?

Mfugaji_Idodi

Habari za muda huu wadau, poleni na majukumu. Niko Iringa vijijini, barabara ya kwenda Ruaha, nafuga kuku wa kienyeji wa kuachia, wanakaribia mia ukijumlisha na vifaranga, wanashinda nje wanajitafutia na jioni wanarudi bandani wenyewe. Shida ya huku ni wanyama. Nguchiro wanakuja mchana kweupe wanabeba vifaranga, usiku kicheche na kanu wakipata kaupenyo kadogo tu asubuhi unakuta kuku wamelala chini wameng'atwa shingo na wala hawajaliwa, mwewe ndo usiseme.

Sasa nina ndugu yangu anafuga mbuzi, ana dume la ile mbegu ya Anatolia ya Uturuki, wale mbwa walioletwa ukanda huu na watu wa uhifadhi ili wafugaji walinde mifugo na simba na fisi bila kuwawekea sumu. Lile dume likazaa na jike la kienyeji nikapewa mtoto mmoja, tunamwita Tomi. Saa hizi ana miezi 7 na tayari ni mkubwa kuliko mbwa wote wa hapa jirani.

Alipokuwa mdogo alikuwa analala na kuku kivulini hana habari nao kabisa. Alipofika kama miezi mitano na kitu akaanza kuwakimbiza, kwanza tukacheka tu maana alikuwa hawashiki, sasa anawashika. Wiki iliyopita ameua matetea wawili, hakuwala, amewachezea kawabana na miguu kawalambalamba mpaka wakafa. Majirani wanasema mbwa akishaonja kuku haachi, dawa ni kumuua. Mama ndo mwenye kuku wengi hapa na ameshasema nimtafutie huyo mbwa pa kwenda.

Ila mimi namuona ana kitu, usiku kikipita chochote anabweka mpaka kinaondoka, halafu anakojoakojoa kwenye kona zote za uzio. Mchana ndo analala tu. Naombeni msaada: akishaua anafundishika au ndo basi? Nimfunge mnyororo? Na wanatulia wakiwa na umri gani? Tafadhali aliyefundisha kwa KUKU, maana wa mbuzi nimeshawasikia wengi.

---

Mzee_wa_Tenga

Kijana hilo jambo jepesi. Chukua huyo kuku aliyeuawa mfunge shingoni kwa mbwa, akae naye mpaka aoze adondoke mwenyewe. Hatarudia. Sisi tumelelewa hivyo na wazee wetu walifanya hivyo.

---

chotara_boy

Uza mkuu, mbwa mkubwa hivyo wenye mageti mjini wananunua bei nzuri, halafu tafuta senyenge ya maana uzungushie. Mbwa na kuku havikai pamoja.

---

MamaVifaranga_Njombe

Mzee_wa_Tenga shikamoo baba. Naomba nitofautiane na wewe kwa heshima. Hiyo ya kumfunga kuku shingoni nimeiona ikifanyika, mbwa ananuka wiki nzima, watoto wanamkimbia, nzi wamejaa, na ikifika siku kuku amekurupuka mbele yake anamkimbiza vilevile. Mbwa hawezi kuunganisha mzoga ulio shingoni leo na alichofanya jana. Kinachomvuta sio ladha ya kuku, ni ule mrusho, kuku akipiga mabawa na kukimbia mbwa kijana anawaka. Tena kama huyo kuku alikuwa na mdondo, ule ugonjwa wa Newcastle wa kuku, umeshamtembeza mgonjwa banda zima.

Sasa Mfugaji_Idodi nakuja kwako. Kwanza usimuue na usimuuze bado. Mbwa aliyeua kwa kuchezea sio sawa na mbwa aliyeua akala. Hao wako wameuawa na mtoto. Wewe unaona umbo kubwa lakini hizo mbegu za kulinda mifugo zinachelewa sana kukomaa, ni mwaka mmoja na nusu mpaka miwili ndo akili inatulia, wengine wanapita hapo kidogo. Na kipindi kibaya kuliko vyote ni hichohicho cha kuanzia miezi mitano sita mpaka mwaka na kitu. Alipokuwa mdogo alilala nao kwa sababu alikuwa hana nguvu za kufanya fujo, sasa nguvu zimekuja akili haijafika.

La pili, wewe umesema unataka wa kuku sio wa mbuzi na uko sahihi kabisa. Kwa mbuzi na kondoo mtoto wa mbwa anawekwa zizini akiwa na wiki nane hivi, anakua anawaona kama ndugu zake, akileta mchezo mbuzi anampiga pembe anajifunza. Kuku hawezi kumfundisha hivyo, akiguswa anakimbia, na akikimbia ndo mchezo umekolea. Kwahiyo ile kazi ambayo mbuzi angeifanya inabidi uifanye wewe.

Kabla sijaendelea nina maswali matatu unijibu ukweli. Mgeni akija hapo nyumbani kuku wa kuchinja mnamkamataje? Mkishamchinja utumbo na kichwa vinaenda wapi? Na Tomi anakula wapi?

---

Mfugaji_Idodi

Asante sana mama, hayo maswali sikuyategemea. Kuku tunamkamata kama watu wote, vijana wanamkimbiza uani mpaka achoke, na Tomi anakimbia nao, kuna siku yeye ndo aliwahi kumbana kuku chini ya mkokoteni na watu wakampigia makofi. Utumbo na kichwa anapewa yeye, vya motomoto hivyohivyo. Anakula hapohapo uani, ugali wa dona na dagaa, na kuku wanakuja wanadonoa kwenye sahani yake anawangurumia.

---

MamaVifaranga_Njombe

Umeshajijibu mwanangu. Hapo nyumba nzima inamfundisha Tomi kwamba kuku ni wa kukimbizwa, na akishakimbizwa anakuwa nyama, na nyama ni yake. Halafu siku akifanya peke yake anaambiwa auawe. Naandika hili kwa uchungu maana mbwa wengi wazuri huku vijijini wanapotea hivi.

Badilisha hayo kwanza kabla hujafundisha chochote. Kuku wa kuchinja akamatwe usiku bandani akiwa amelala juu ya kichanja, unamchukua taratibu hata mwenzake wa pembeni haamki, unamweka kwenye tenga mpaka asubuhi. Ni afya hata kwa nyama yenyewe maana kuku aliyekimbizwa saa nzima nyama yake inakakamaa. Kuchinja kufanyike nyuma ya nyumba mbali na macho yake, manyoya na utumbo vifukiwe au vichomwe. Asipewe kuku mbichi wa aina yoyote, wala miguu wala kichwa, na aliyekufa kwa ugonjwa ndo kabisa, fukia shimo refu. Na watoto wote wa hapo, wako na wa jirani, waambiwe hakuna kumkimbiza kuku mbele ya Tomi hata kwa utani.

Chakula mpe sehemu yake ambayo kuku hawafiki, ndani ya kibanda chake mlango umefungwa, ale amalize, sahani iondolewe ndo atoke. Kuku wengi wanaouawa na mbwa wa ulinzi wanauawa kwenye sahani, na hapo mbwa anakuwa analinda mali yake tu.

Sasa mafunzo yenyewe. Mimi hivi ndivyo nilivyokuza wangu na hivi ndivyo ninavyomshauri kila mtu:

Mjengee kibanda chenye wavu kiungane na uwanja wa kuku, yaani ukuta mmoja uwe ni wavu, mchana ashinde humo anawaona wakila, wakioga vumbi, wakigombana, wakiruka. Hiyo ndo nusu ya kazi. Unataka kuku wawe kitu cha kuchosha kwake, awaone mpaka asiwaone tena. Siku za kwanza atakimbia huku na huku pembeni ya wavu anabweka, muache, usimshangilie na usimpige. Kuna siku utamkuta amelala amewapa mgongo na hapo ujue kuna kitu kimeanza kuingia.

Halafu kila siku asubuhi na jioni umtoe na kamba, SIO moja kwa moja kwa kuku. Kwanza mzungushe mpaka wa eneo lako lote kwa miguu, pita kona zote, muache anuse akojoe. Hii inamchosha na pia inamfundisha eneo lake liko wapi, hao mbwa kazi yao kubwa ni harufu na sauti, nguchiro na kicheche wakikuta mkojo wa mbwa mkubwa na mbweko wake wanatafuta kwa kwenda. Akishachoka ndo unaingia naye kwenye kuku, kamba fupi mkononi, unakaa chini. Unakaa tu. Chukua kazi yako, chambua maharage, kula mahindi, lakini macho kwake.

Unachoangalia ni hiki. Akikodoa macho kwa kuku mmoja, masikio mbele, mwili umekakamaa, au akiinama kifua chini matako juu kama anavyofanya kwa mbwa wenzake, hapo ndo unasema HAPANA kwa sauti nzito na unamgeuza. Sio baada ya kuruka, akisharuka umechelewa. Ukimuwahi kwenye jicho hutahitaji fimbo kabisa. Na akigeuza uso mwenyewe, akalala, akanusa chini, akapiga miayo, msifie kwa upole umpapase. Hiyo kugeuza uso ndo tabia unayoitafuta, isifie kila ukiiona hata kama imetokea kwa bahati.

Anza na majogoo na matetea wakubwa watulivu ambao hata akiwasogelea wanamdonoa pua. Vifaranga viwe vya mwisho kabisa, na kuku mwenye vifaranga asimkaribie maana atamrukia usoni na mbwa kijana akirukiwa anajibu.

Ukiona anatulia kwenye kamba fupi, mfunge kamba ndefu anaiburuta chini, wewe uko palepale, akileta mchezo unaikanyaga. Baadaye muache kidogo bila kamba ukiwepo. Bila wewe kuwepo USIMUACHE na kuku mpaka avuke ule umri niliokwambia. Wengi wanaharibu hapo, mbwa anafanya vizuri mwezi mmoja mwenye mbwa anaenda zake mnadani anamwachia kuku wote, akirudi analia.

---

chotara_boy

Duh mama umeshusha darasa, nafuta kauli yangu. Ila swali, kwanini asifungwe tu mnyororo mchana na kufunguliwa usiku kama mbwa wengine? Mbona ndo wote tunafanya hivyo.

---

Boma_Nanyuki

Wacha nijibu hiyo kwa sababu niko Laikipia, Kenya, na hapa wanyama ni wengi, mimi niko na mbuzi na kuku kienyeji. Mbwa ukimfunga cheni siku mzima anakusanya nguvu yote ndani, ukimfungulia hiyo nguvu lazima itoke, na kitu cha kwanza kinapita mbele yake ni kuku. Tena akiwa amefungwa kuku wanapita karibu karibu kila siku na hawezi wafikia, hiyo inamjenga hasira. Kibanda cha wavu chenye amesema mama ni tofauti, ndani anatembea, analala mahali anataka, hakuna kitu inamvuta shingo.

Lakini kuna kitu nataka kuongeza, kwa sababu naona mwenye swali anadhani Tomi hana faida mpaka afike miaka mbili. Si kweli. Mpatie kazi ya USIKU sasa hivi. Usiku kuku wako ndani, mlango umefungwa, hakuna wa kukimbizwa. Fungulia Tomi uani azunguke banda. Kicheche, kanu, fungo, hata mwizi wa kuku, hao wote ni wa usiku, na huyo mbwa hata akiwa mdogo mbweko wake peke yake inatosha. Asubuhi kabla hujafungua kuku unamrudisha kwa kibanda yake anakula analala. Hii inafuata mwili wake pia, hawa mbwa wa kulinda kawaida wanafanya kazi sana usiku na alfajiri, mchana wanalala, kwahiyo usikasirike ukimwona amelala mchana, alikuwa kazini.

Tahadhari moja tu na iko serious. Wewe uko karibu na Ruaha. Chui anapenda mbwa sana, na mbwa wa miezi saba akiwa peke yake nje ya uzio usiku ni chakula. Akae NDANI ya uzio wa miiba au ukuta mzuri, asitoke kuzurura. Wale Anatolia wanalinda ng'ombe na mbuzi dhidi ya wanyama wakubwa wanafanya hivyo wakiwa wamekomaa, wako kilo arobaini mpaka sitini na kitu, na mara nyingi hawako peke yao. Usimpime na hao sasa.

Na kama utaongeza mbwa wa pili, usichukue ndugu yake wa tumbo moja wa umri huohuo. Vijana wawili wakiwa pamoja wanafundishana ujinga, mmoja anakimbiza kuku mwingine anakinga. Heri mbwa mzee mwenye amezoea kuku, hata kama ni wa kienyeji, mdogo anamwiga.

---

Mwinyi_Pangani

Assalaam alaykum na habari zenu nyote. Mimi nimesoma hapa kimyakimya, nafuga kuku huku Pangani na nguchiro wamenimaliza. Nyumbani kwetu mbwa haingii, familia yangu wanaogopa najisi na mama watoto hataki hata kusikia. Kuna mwenzangu Muislamu anayefuga mbwa wa ulinzi wa kuku atuambie anaishi naye vipi?

---

Abuu_Kuku

Waalaykum salaam ndugu yangu Mwinyi. Mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda wametajwa kwenye hadithi za Mtume kuwa ni ruhusa, kinachokatazwa ni kumfuga bila haja, kwahiyo hilo mueleze mama watoto kwa taratibu, na kama mna shekhe wenu muulizeni mbele yake atulie. Mimi wangu kibanda chake kiko mwisho wa shamba kule kwenye minazi, ndani ya nyumba hafiki, vyombo vyake ni vyake, kuna nguo na viatu vya kazi za huko navivua kabla sijaingia ndani. Tena kwa haya mafunzo mnayoelekezwa hapa huyu mbwa hatakiwi kuishi na watu ndani, anatakiwa aishi na kuku, kwahiyo kwetu sisi inakaa vizuri kabisa.

---

MsomajiWaMifugo

Wadau naomba niongeze kitu maana mwenye swali amesema anataka wa kuku, na kuna mfano mmoja mkubwa sana duniani ambao ulianzia kwa mfugaji wa kuku. Kule Australia, jimbo la Victoria, mji wa Warrnambool kuna kisiwa kidogo kinaitwa Middle Island, wanazaliana pengwini wadogo. Maji yakipwa mbweha walikuwa wanavuka kwa miguu wanaua. Hao pengwini walikuwa mamia, kufika 2005 wakawa hawafiki hata kumi. Mfugaji mmoja wa kuku wa kuachia wa hukohuko alikuwa anatumia mbwa aina ya Maremma, ni mbwa weupe wa asili ya Italia, kuwalinda kuku wake na haohao mbweha, akasema mbona mbwa wangu anaweza kulinda na hao ndege wenu. 2006 wakampeleka mbwa kisiwani na pengwini wakaanza kurudi mpaka wakapita mia. Kwahiyo anayesema mbwa na ndege havikai pamoja aangalie hapo. Ila nao hawakumtupa mbwa kisiwani tu, mbwa wanaandaliwa na wanasimamiwa na watu.

Cha pili ni kuhusu mbegu. Namibia kuna shirika la kuhifadhi duma, Cheetah Conservation Fund, tangu 1994 wanazalisha Anatolia na Kangal (nao wa asili ya Uturuki) wanawapa wafugaji ili wasiue duma, na wamefanikiwa sana. Lakini jirani zao Botswana wenzao wa duma wamejikita kwa mbwa wa KIENYEJI wa Kitswana, wanachukuliwa wadogo wanawekwa zizini na mbuzi, na wanalinda vizuri kwa chakula kidogo na hawasumbuliwi sana na magonjwa ya kwetu. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaosoma hapa wakidhani bila mbwa wa laki kadhaa huwezi. Kwa nguchiro na kicheche mbwa wa kienyeji aliyelelewa vizuri anatosha kabisa, kinachotafutwa ni tabia. Ukienda kuchagua mtoto wa mbwa angalia mama yake anaishi vipi na kuku wa hapo alipozaliwa, na kwenye wale watoto chagua mtulivu, sio yule anayerukia kila kinachopita.

Na Tomi kuwa nusu kienyeji usione ni hasara.

---

Dr_Kata

Mimi ni mtaalamu wa mifugo, mengi yamesemwa vizuri sana, nina machache ya afya maana naona hakuna aliyeyagusa na ndiyo yanayoua hawa mbwa kabla hawajafika huo umri wa miaka miwili.

Kichaa cha mbwa chanjo kuanzia miezi mitatu na kurudia kila mwaka, mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba kunakuwa na kampeni za chanjo, muulize afisa mifugo wa kata yako. Pamoja na hiyo kuna chanjo ya mchanganyiko inayozuia magonjwa ya distempa na pavo, hiyo wengi vijijini hawaijui na watoto wa mbwa wanakufa kwa kuhara damu watu wanasema karogwa. Minyoo, mtoto wa mbwa anapewa dawa kila wiki mbili mpaka miezi mitatu, halafu kila mwezi mpaka miezi sita, baada ya hapo kila miezi mitatu. Kupe muangalie masikioni na katikati ya vidole kila siku mkitoka kwenye huo mzunguko.

Na hilo la utumbo nataka nilikazie. Sio wa kuku tu. Mapafu na maini mabichi ya mbuzi na kondoo yenye vile vifuko vya maji asipewe KABISA, mbwa anapata minyoo ya tegu na mayai yake yakiingia kwa binadamu yanatengeneza vifuko hivyohivyo kwenye ini na mapafu ya mtu. Mchemshie vizuri au fukia. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo usimpe, inapasuka vipande vikali inamchoma utumbo. Mfupa mkubwa wa ng'ombe wa kutafuna ni mzuri, tena umri wake meno yanawasha na akiwa na cha kutafuna anapunguza kutafuna visivyo vyake.

Dume kama halitazalishwa lihasiwe, litapunguza kuzurura kufuata majike, ila kwa mbwa wa umbo hilo ongea na daktari kuhusu muda, wengi tunapendelea asubiri mifupa ikomae kwanza.

Kuku nao msiwasahau, chanjo ya mdondo ya matone kila miezi mitatu. Unaweza kuwa na mbwa bora wa mkoa mzima na mdondo ukafagia banda kwa wiki moja.

---

Mzee_wa_Tenga

Nimesoma yote. Huyo mama wa Njombe anajua anachosema, hilo la kukamata kuku usiku hata marehemu baba yangu alikuwa anafanya hivyo na mbwa wetu hawakuwa wanagusa kuku, sikuwahi kuliunganisha. Sasa mniambie, mwewe mnamfanyaje? Mbwa hana mabawa.

---

MamaVifaranga_Njombe

Baba heshima ya kunisikiliza sikustahili, asante sana. Mwewe ni kweli mbwa peke yake hatoshi, ingawa mbwa aliyekomaa anajifunza kumbwekea na kukimbia chini ya kivuli chake na mwewe hapendi kutua penye mbwa. Ila vifaranga vya chini ya mwezi mimi sivitoi nje wazi, vinashinda kwenye tenga kubwa au uzio mdogo uliofunikwa wavu juu na mama yao. Baada ya hapo wanatoka lakini kuwe na vichaka vya kukimbilia, uwanja mweupe usio na mti ni karamu ya mwewe. Na fuga kanga hata wachache, kanga akimuona mwewe au nyoka anapiga kelele kijiji kizima kinasikia, kuku wanajificha na mbwa anaamka. Wangu amejifunza kabisa, kanga wakilia tu anasimama anaangalia juu.

Na banda lenyewe baba lisitegemee mbwa. Kanu anapita kwenye tundu dogo ambalo hutaamini, matundu yote yazibwe na chini kuwe na mawe ili wasichimbe. Mbwa analinda banda zuri, banda bovu halimsaidii hata yeye.

---

Mfugaji_Idodi

Wakuu sina la kusema, nimemsomea mama huu uzi wote jana jioni kuanzia juu mpaka chini na amekubali kumpa Tomi nafasi kwa masharti kwamba kibanda kijengwe kwanza na asionekane kwa kuku bila kamba. Fito na wavu nimeshapata, leo tumeanza kuchimba mashimo ya nguzo, kitakuwa upande wa mashariki kinapakana na sehemu wanapoogea vumbi. Usiku wa jana ameshaanza zamu, tumefunga kuku tukamwachia yeye ndani ya uzio. Vijana nimewaambia kuhusu kukimbiza kuku, wamenuna ila wameelewa.

Swali la mwisho mama, nimekumbuka kuna kingine. Anakula mayai. Kuku wengine wanataga kwenye majani huko pembeni na yeye ndo wa kwanza kuyafikia. Jirani kasema nimwekee yai lenye pilipili.

---

MamaVifaranga_Njombe

Pilipili wengine wanaizoea na wengine wanajifunza tu kunusa kwanza, usipoteze mayai yako. Hilo linaisha lenyewe ukiziba mlango. Wawekee viota vya kutosha ndani ya banda, kiota kimoja kwa matetea wanne watano, majani makavu laini, sehemu yenye giza kidogo, na uwafungulie kuku saa nne hivi asubuhi wengi wakiwa wameshataga ndani. Wale wakaidi wanaotaga majanini wafuatilie siku moja uone wanapoenda, okota, fyeka hapo. Kwenye ule mzunguko wa asubuhi na Tomi mkikutana na yai muwahi kwa sauti ileile ya HAPANA, akiliacha msifie, wewe uliokote. Na maganda ya mayai ya jikoni usimtupie, wape kuku wenyewe yakiwa yamepondwa laini wasiyatambue.

Hongera kwa mama kwa kukubali, msalimie. Ukimaliza kibanda weka picha hapa tuone wavu umeufunga vipi chini, maana atajaribu kuchimba, na mrejesho tunausubiri.